Chumba Kimejaa kwa Muuguzi, Kiko Wazi kwa Dalali

Saa mbili na nusu asubuhi, dalali wa nyumba anabonyeza kengele ya geti la kijani, kisha anarudi nyuma kidogo na kuinua kidevu ili aonekane vizuri kwenye tundu la kuchungulia. Nyuma yake amesimama mteja wake, muuguzi wa kiume aliyetoka zamu ya usiku, macho mekundu, mfuko wa nailoni wenye viatu vyake vya kazini ukining'inia mkononi.

"Usiseme kitu mpaka nikuangalie," anamwambia. "Nikikuangalia, taja kazi yako. Kazi kwanza, mengine yatafuata."

Geti linafunguka. Mwenye nyumba, mama wa makamo mwenye taulo kichwani, anasikia neno "muuguzi" na kuchangamka. "Hapo ndipo penyewe! Mimi na presha yangu hii, nitakuwa na hospitali yangu uani."

Kisha anamtazama muuguzi kwa makini. Ni kijana mrefu, mwembamba, mwenye sura ya watu wa kaskazini, ingawa amezaliwa katika mji huuhuu na hajawahi kukanyaga huko. Uso wa mama unabadilika.

"Chumba hicho, jamani, nimesahau. Kuna mtu alishanipa neno jana."

Muuguzi anashukuru na kugeuka. Kabla hajafika getini, mwenye nyumba anamshika dalali kiwiko na kumwambia kwa sauti ambayo haikushushwa vya kutosha: "Wewe lakini, mwanangu, si uliniambia nanyi mnahama? Ukikitaka wewe, kipo."

Dalali anajibu: "Nitafikiria, mama."

Kisha anamfuata mteja wake mpaka njia panda.

"Nilitakiwa kukataa palepale," anasema baadaye. "Mdomo ulishanitangulia."

Mdomo ulikuwa na sababu. Nyumba ambayo yeye na mama yake wamepanga tangu akiwa shule ya msingi imeuzwa, na aliyeinunua anataka kuibomoa. Wanatakiwa wawe wametoka ifikapo Jumamosi. Asubuhi hiyo ilikuwa Jumanne, na mwanamke ambaye kazi yake ni kuwatafutia watu vyumba hakuwa na chumba.

Ana umri wa miaka thelathini na minne. Udalali ameufanya zaidi ya miaka kumi. Kwa kila mpangaji anayempata hulipwa nusu ya kodi ya mwezi mmoja. Mwezi mzuri hupangisha nyumba sita, mwezi mbaya moja. Wenzake humwita Singa kwa sababu ya nywele zake, nyeusi, zilizonyooka, ambazo huzifunga kwa kitambaa akiwa kazini na kuzifungua akitaka kufunguliwa geti haraka. Hilo la pili analisema mwenyewe, bila kuona haya.

Nywele ni za baba. Alikuwa Mhindi, fundi wa vyerehani, aliyeitwa siku moja kutengeneza mashine ya mshonaji mmoja mweusi. "Aliitengeneza vizuri," anasema mama yake Singa, ambaye bado anashona, "halafu ikawa inaharibika kila wiki." Baba alifariki Singa akiwa darasa la tano.

Upande wa baba hawakumtupa. Walimwalika harusini, wakampa kiti karibu na jiko. Upande wa mama alilelewa kama watoto wengine, ila siku ya ugomvi binamu zake walimwambia arudi kwao. "Nikawauliza kwetu ni wapi, kwa nia ya kwenda kweli," anakumbuka. "Hakuna aliyejua. Walikuwa wamezoea kusema tu."

Madalali wa eneo hilo hukutana kwenye benchi nje ya duka la vifaa vya umeme. Anayekaa naye mara nyingi ni mwanamume wanayemwita Profesa. Hajawahi kufundisha chochote, ana miwani.

"Nikiwa na Singa, mlinzi anafungua geti hatujafika," anasema Profesa. "Nikiwa peke yangu naulizwa kama nimekuja kufyeka majani."

"Na polisi wakisimamisha gari tulilopanda, nani anateremshwa aulizwe vitambulisho?" anauliza Singa.

"Wewe."

"Sasa nani ana nafuu?"

Profesa anafuta miwani. "Inategemea. Leo tuna haraka ya geti au ya barabara?"

Benchi zima linacheka. Singa anacheka pia, lakini swali analo kweli. Kwa miaka yote hiyo amekuwa akiulizwa kwenye simu jambo lilelile, "ni mtu wa aina gani?", na amekuwa akisikiliza kinachofuata. Anachokisikia hakijipangi.

Alimtafutia nyumba mwalimu wa muziki, Mzungu. Mwenye nyumba hakumuuliza anatoka wapi, hakutaka mdhamini, alimpa chai na kiti chenye mto. Kisha akamtajia kodi mara mbili ya ile aliyomtajia Singa asubuhi. Mwalimu akamuuliza Singa pembeni kama hiyo ni heshima au ni wizi. "Nikampelekea mwenye nyumba swali hilo kama lilivyo," anasema. "Naye akaniuliza: kwani kuna tofauti?"

Alimtafutia chumba mama wa Kichina anayeuza vioo vya simu. Kilipatikana siku hiyohiyo, tena kwa bei ya kawaida, kwa kuwa Wachina, alisema mwenye nyumba, hawana maneno mengi. Tangu ahamie, watoto wa mtaa humfuata hadi dukani wakiiga lugha yake kwa kelele za puani. Watu wazima hucheka. Mtaa huohuo, mtoto mmoja aliitukana familia ya watu wa kaskazini iliyokuwa ikipita, na jirani akamshika sikio mpaka nyumbani kwao. Familia hiyo ilikuwa inapita kwa sababu ilikuwa inatafuta nyumba, kwa mwezi wa nne mfululizo.

"Anayelindwa asitukanwe hapewi chumba," anasema Singa. "Anayepewa chumba, kumtukana ni mchezo. Nimejaribu kuwapanga nani ana hali mbaya kuliko mwenzake, kama ndoo kwenye foleni ya maji. Kila nikimaliza, anakuja mteja mmoja anaipiga teke foleni yote."

Alipoulizwa yeye mwenyewe angejiweka wapi kwenye foleni hiyo, alisema bado anatafuta ndoo.

Jumatano alirudi kwenye geti la kijani, safari hii na mama yake. Alikuwa ameamua kwamba kukataa chumba hakutamsaidia muuguzi, na kwamba kukikubali hakutamuumiza zaidi ya alivyoumia. Hoja hiyo aliirudia njia nzima. Mama yake, mwanamke mfupi mwenye sindano mbili zilizochomekwa kwenye kola, hakuipinga wala hakuiunga mkono.

Mwenye nyumba aliwapokea kwa furaha. Alimwonyesha Singa bomba, swichi, pa kuanikia nguo na dirisha linalokwama. Kila alichosema alimwambia Singa. Mwisho akamgeukia mshonaji, kisha akamrudia binti.

"Na dada wa kazi atalala wapi? Maana hapo jikoni godoro dogo linakaa."

Mama yake Singa ndiye aliyejibu.

"Huyu nimemzaa mimi, mama. Lakini mshahara ukiwepo, sikatai."

Mwenye nyumba alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Aliomba radhi, akaenda kuleta soda, akaomba radhi tena. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine na kusema hawafanani hata kidogo. Kisha, soda zikiwa hazijafika nusu, akakumbuka kwamba chumba hicho, ukikitazama vizuri, ni cha mtu mmoja.

"Kiliwatosha wawili alipodhani wa pili ni mtumishi," anasema Singa. "Kilipungua alipojua ni mama yangu. Chumba ni kilekile, nilishakipima mwenyewe."

Jioni ile mwenye nyumba alipiga simu. Hakuzungumzia chumba. Alitaka kujua kama mama anashona mapazia, kwa sababu alipenda mshono wa gauni alilokuwa amevaa. Mama amekubali kazi hiyo. Singa hajui amlaumu nani kati yao.

"Kusema kweli nilifurahi alipotukatalia," anasema. "Kama mtu aliyetua mzigo. Nikatembea na furaha yangu mpaka kona. Kwenye kona nikakumbuka Jumamosi."

Alhamisi asubuhi simu iliita. Alikuwa muuguzi. Mjomba wake, dereva wa malori aliyestaafu, alikuwa na vyumba viwili uani, vimetoka kupakwa rangi.

"Mbona wewe hukai huko?" Singa alimuuliza.

"Dada yangu, mjomba anajua hata saa niliyopiga chafya. Wewe chukua."

Walikwenda watatu: muuguzi, Singa na mama. Mzee alikuwa ameketi mlangoni akikaza skrubu za redio. Alimtazama Singa kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu.

"Nyinyi? Nyinyi si mna maghorofa mjini? Mnatafuta nini kwangu? Mtakaa miezi miwili, mnunue kiwanja, mnihamishe na mimi."

"Mjomba!" alisema muuguzi.

"Mjomba nini? Mimi simbagui mtu. Nawajua tu."

Na bila kuombwa akaeleza anavyowajua watu. Alipoingia mji huu na tela lake, akiwa kijana, hakuna aliyempa chumba. Alilala ndani ya kichwa cha lori karibu mwaka mzima, miguu nje ya dirisha. Ndiyo maana alijenga.

"Nani walikukatalia?" mama aliuliza.

"Wote."

"Hata sisi weusi wa hapa?"

"Nyinyi ndio mlikuwa wa kwanza."

"Sasa mbona mimi hunifukuzi?"

Mzee alikaza skrubu ya mwisho. Aliweka redio chini. "Wewe unaonekana mtu wa kazi," alisema hatimaye.

"Na huyu?"

"Huyu anaonekana mtu wa duka."

"Angekuwa na duka, baba, tungekuwa tumesimama hapa juani tunakusikiliza wewe?"

Muuguzi alicheka kwanza, kisha akakohoa ili ionekane alikuwa anakohoa. Mzee alimtazama mpwa wake, akamtazama Singa, akauliza kama kweli yule ni mama yake wa kumzaa. Singa alijibu ndiyo. Mzee akasema hapo sasa wamemchanganya.

Kisha akatoa uamuzi, akimwambia mama peke yake. "Wewe nakupa vyumba. Yeye aje kama mtoto wako. Lakini wateja wake asiniletee hapa, leo Mchina, kesho Mzungu. Majirani watadhani nimefungua ubalozi."

Kwa hiyo wamepata pa kukaa. Wamepata kwa mtu ambaye hawataki watu wa upande wa baba, kwa udhamini wa mama, baada ya kukosa kwa mtu aliyewapenda watu wa upande wa baba, kwa sababu ya mama. Singa ameyasema hayo kwenye benchi. Profesa alivua miwani na kuomba arudie polepole, na aliporudia hakuna aliyecheka.

Ijumaa alasiri sakafu ya nyumba inayobomolewa imejaa maboksi. Mama anafunga kichwa cha cherehani ndani ya shuka mbili na kukataza mtu mwingine asikiguse. Muuguzi amekuja kusaidia kubeba kitanda, kabla ya zamu yake. Yeye bado hana chumba. Analala kwa rafiki, sebuleni.

Singa anamshikia mlango. Amekuwa akilizuia swali tangu Jumanne, na sasa linamtoka kitanda kikiwa nusu nje, nusu ndani.

"Siku ile getini. Ulisikia nilivyomjibu yule mama?"

"Nilisikia."

"Na bado ukanipigia simu."

Muuguzi anakigeuza kitanda kwa upande, kinapita. Anakiegemeza ukutani na kujifuta jasho kwa kiwiko.

"Ningekuwa mimi ningejibu hivyohivyo," anasema. "Nimelifikiria zamu nzima. Sijui kama hilo ni jambo zuri."

Singa naye hajui. Anachojua ni kwamba Jumatatu amepanga kumwonyesha muuguzi nyumba tatu, na kwamba kwa kazi hiyo hatachukua nusu ya kodi. Muuguzi amekataa msaada huo, wamebishana, na hawajamaliza. Anajua pia kwamba angalau katika nyumba moja kati ya hizo tatu, mwenye nyumba atamkataa kijana na kumgeukia yeye kwa tabasamu.

"Safari hii nina jibu," anasema.

Jibu gani? Anaangalia maboksi, anamwangalia mama yake aliyeinamia cherehani, anakaza fundo la kitambaa kichwani.

"Subiri," anasema. "Mpaka Jumatatu nitakuwa nalo."