Disketi Juu ya Spika

Krrr! Krrr! Bado naisikia kompyuta ya ofisi yetu Ruiru ikikwama kwa disketi ya saba, nikiiwekea mfumo mpya. Nilikuwa nimemwapia bosi kazi hiyo naiweza. Kujiokoa, nikamlaumu fundi aliyetuletea disketi, Kamau wa Thika. Bosi akaniambia nipige chapa barua ya kumfuta kazi.

Kamau aliposikia akaja mbio. "Haki, msichana, disketi ulikuwa unaziweka wapi?"

"Juu ya spika ya redio, vumbi lisizipate."

Akasogeza pini karibu na spika. Ikaruka, ikanasa.

"Ngai! Sumaku ya spika imeifuta ile ya saba!"

Bosi, aliyekuwa mlangoni akisikia yote, akatoka na Kamau kumnunulia chai. Nikabaki nikiichana ile barua, vipande vidogo vidogo.