Simu Tisa Mezani, Kibabii

Masomo yalikuwa ya mtandaoni, lakini mtandao wenyewe ulikuwa Bungoma. Nikieleza hivyo watu hucheka, nami huwaacha wacheke, kwa sababu sehemu inayofuata haina kicheko.

Sisi ni wahudumu wa afya ya jamii katika mtaa wa Matisi, Kitale. Tunazunguka ploti, zile nyumba za kupanga, tukipima presha, tukiuliza nani tumbo linamwendesha, nani ameacha dawa, nani ana mimba na hajaenda kliniki. Asubuhi mimi huuza viatu vya mitumba sokoni. Jioni watu wa ploti huniita daktari, na wengine huniletea kiatu kilichoachana na soli kabla hawajaniambia wanaumwa wapi. Nyuma ya kila mlango ninaousimamia nimeandika namba yangu ya simu kwa kalamu ya wino mzito, na chini yake namba ya kiongozi wetu. Mpangaji akihama, namba inabaki. Anayekuja huikuta pale pamoja na kunguni.

Afisa wetu wa afya ya umma alituma ujumbe: kila mhudumu ahudhurie mafunzo ya kujiandaa kwa dharura, siku nzima, kamera ikiwa wazi, na asiye na cheti ataondolewa kazini. Bando la intaneti litatoka wapi, hilo hakulisema. Mvua ikinyesha, mtandao wa Matisi hupotea, na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima mpaka vyoo vya ploti za bondeni vikaanza kurudisha mali.

Kiongozi wetu ni mama wa Bungoma aliyeolewa Kitale. Akasema shemeji yake ana saiba, duka la intaneti, karibu na chuo cha Kibabii kule Bungoma, pale kwenye wanafunzi, mtandao unakimbia. Nikapewa simu niongee naye, maana kila kinachohitaji kupunguzwa bei huletwa kwangu.

"Watu tisa, siku nzima, na chai," nikamwambia.

"Chai hapana, mama. Mimi nauza mtandao."

"Basi punguza mtandao, chai tutajinunulia. Kuna mtu wa saiba kule mjini Kwanza amenipa nusu ya hiyo yako."

"Kwani Kwanza kuna mtandao?"

"Kuna bei."

Akacheka, akapunguza, na chai akaweka. Nilijisikia mjanja siku mbili nzima.

Asubuhi ya safari nilipita kwa mama wa githeri, ile ya mahindi na maharagwe, jirani yangu, aliyekuwa akipika kando ya lango la ploti yetu tangu kabla sijahamia pale. Familia yao ilitoka upande wa Murang'a zamani, na ulimi wake ulikuwa mkali kama wa mtu wa soko, ndiyo maana tulielewana.

"Daktari, unakimbilia wapi na kiatu kipya?"

"Bungoma. Tunaenda kusoma mambo ya dharura."

"Wote?"

"Wote."

"Haya. Dharura ikikuja nitaiambia ingoje."

Nikacheka. Alikuwa anachota mahindi kwenye sufuria, mzima kabisa. Hata aliniongezea kijiko juu ya kipimo, jambo ambalo hakuwa na tabia nalo.

Stejini, kwenye matatu, nilihesabu watu wetu: tisa. Nikahesabu tena: tisa. Nilipenda hesabu ilivyokubali.

Kule Kibabii tulipanga simu kwenye meza ndefu, kila moja imeegemea chupa ya maji ili kamera ione uso. Mwalimu alikuwa Nairobi, sauti ya kijana mwenye adabu. Somo halijafika popote, simu ya mmoja wetu ikaita. Mteja wake wa maziwa. Mara akatupwa nje ya darasa, na kurudi ikawa kazi. Mwalimu akasema hilo ni tatizo la kawaida: simu ikiingia inakukata, na mfumo unakuhesabu hukuwepo. Dawa yake ni kuweka simu kwenye hali ya ndege, kisha kuwasha waifai peke yake. Hapo hakuna anayeweza kukupigia, na darasa linaendelea.

"Sasa tumepaa," akasema kiongozi wetu. "Na hatujalipa nauli."

"Na mtu wa Matisi akitupigia?" mmoja akauliza.

"Atapiga tena. Mgonjwa wa kweri hupiga tena." Kiongozi wetu akiwa Bungoma ile l yake hurudi nyumbani ikawa r.

Tukasoma siku nzima, na sitayadharau yale masomo. Tulifundishwa kutambua kipindupindu: choo kama maji ya mchele, macho kuingia ndani, ngozi ukiibana hairudi. Tulifundishwa kwamba mtu mzima anaweza kumalizika siku hiyo hiyo, na kwamba kinachomwokoa ni maji ya chumvi ya pakiti, mapema, kikombe baada ya kikombe. Pakiti hizo ninazo. Zilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda changu, na ufunguo wa nyumba ulikuwa ndani ya mkoba wangu, hapo mezani. Kipindi cha mwisho kilihusu mawasiliano. Kwenye kioo kukaandikwa kwamba namba ya mhudumu lazima ipatikane saa zote. Mwalimu akatuomba tuandike kama tumeelewa. Tukaandika, wote tisa: nimeelewa.

Darasa lilipoisha tulizishusha simu. Kwanza yangu ikatetemeka, kisha ya kiongozi, kisha meza yote ikawa inatetemeka, jumbe za kampuni ya simu zikituambia nani alitutafuta.

"Hii namba ni ya nani?" akauliza mmoja.

"Hata mimi ninayo."

"Hata kwangu."

Wao walikuwa wanaona tarakimu. Mimi nilikuwa naona jina, kwa sababu niliihifadhi: binti wa githeri, msichana wa yule mama wa langoni.

Nikampigia. Alipokea upesi.

"Nimeona umepiga," nikasema. "Kuna nini?"

"Ni mama. Amefariki, daktari. Sasa hivi hapa hospitali."

Hakulia. Aliongea kama mtu anayesoma risiti.

Mengine alinieleza siku za matanga, tukimenya viazi nyuma ya nyumba. Tumbo lilimwanza mama yake muda mfupi tu baada ya mimi kupita. Binti akanipigia mimi, sipatikani. Akampigia kiongozi, hapatikani. Akaenda ploti ya pili, akaomba kuangalia nyuma ya mlango wao, akapata namba ya mwenzetu mwingine. Akaenda ya tatu. Alizunguka Matisi akisoma milango ya watu mpaka akawa na sisi wote, na kila mara yule mwanamke wa kwenye simu akamwambia huyo naye hapatikani.

"Nilifikiria nyinyi ndio mmepata ajali," akasema. "Nikawaombea."

Nikaendelea kumenya kiazi kilichokuwa kimeshamenyeka.

Aliporudi, mama yake hakuweza tena kusimama. Wa bodaboda alimwangalia, akaangalia kiti chake, akasema ameitwa mahali. Mwisho mzee mmoja anayeuza maji alimpakia kwenye mkokoteni wake. Hospitalini muuguzi alitafuta mshipa mkono huu, akatafuta ule, mishipa ilikuwa imelala.

Sampuli ilichukuliwa. Majibu tunayangoja hadi leo.

Vyeti vilikuja haraka zaidi. Afisa alivituma kwenye simu zetu na pongezi: hakuna hata mmoja wetu aliyekosa kipindi. Baadaye akatangaza awamu ya pili. Nikamfuata ofisini.

"Tisa ni wengi," nikamwambia. "Nipe wanane. Mmoja abaki mtaani na simu yake wazi."

"Mama, hii si soko. Mfumo unataka wote."

"Basi tuwe wanane na nusu. Mimi nitaingia darasani, lakini simu yangu haipai."

"Ukipigiwa utakatwa."

"Nikatwe."

Siku ya awamu ya pili nilibaki Matisi, darasa likiwa kwenye simu. Nilipigiwa mara mbili: mteja wa raba nyeupe, na mtoto aliyemeza kifungo cha shati. Nikakatwa. Cheti cha pili sina, na barua ya kuniondoa haijafika bado. Inaonekana nayo inasafiri polepole kama majibu ya sampuli.

Majuzi mwenye ploti alipaka milango yote rangi, na namba zikafunikwa. Nikapita na kalamu yangu nyumba moja hadi nyingine. Kwa binti wa githeri nilisita nje. Yeye ndiye anayepika langoni sasa, na kijiko cha kuongeza hakipo kabisa. Aliniona.

"Ingia, daktari. Andika."

Nikaandika. Akatoa simu yake akanipigia papo hapo, tumesimama pale, mpaka ikaita mfukoni mwangu. Akakata. Akapiga tena. Ikaita tena.

"Sawa," akasema. "Sasa hapo chini, badala ya ya kiongozi, andika ya yule mzee wa mkokoteni."

"Yule si mhudumu."

"Najua. Lakini yeye haendagi masomo."

Akanitajia namba, nami nikaiandika, halafu nikamsomea ili tuhakikishe.