Midomo Iliyochelewa Wimbo

Mwezi uliopita nilikuwa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, kwa shughuli ya shamba la bibi, nikaingia saluni kusukwa. Msichana aliyekuwa akinisuka alipofika katikati ya kichwa aliniomba radhi, akaegemeza simu yake kwenye kioo na kusimama mbele yake. Wimbo ukaanza. Akafumba macho, akaweka mkono kifuani kama mtu aliyeachwa jana, akafungua mdomo, na sauti yake mwenyewe haikutoka hata kidogo. Alirudia mpaka akaridhika. Kisha akarudi kwenye nywele zangu.

"Samahani, mama," akasema. "Watu wananingoja ndani ya simu."

Sikukasirika. Nilikaa nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, nikawaza kwamba sisi tulikuwa na kitu hiki hiki hapo hapo Bwera. Tofauti ni kwamba sisi tulikifanya mbele ya watu waliokaa kwenye mabenchi, na watu hao walikuwa na midomo ya kujibu. Tulikiita karaoke. Najua kwingine karaoke ni kuimba. Kwetu ilikuwa kutoimba. Wimbo wa mtu mwingine ulipigwa kwenye spika, wewe ukapanda jukwaani umevaa kama yeye, ukachezesha midomo. Ukitangulia neno au ukichelewa, umekwisha.

Lakini rafiki yangu, nikikueleza karaoke bila kukueleza Hima, hutaelewa kwa nini nilikwenda kule na fimbo.

Tulizaliwa Hima, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha saruji. Baba alikuwa akipakia mifuko kwenye malori. Pale kila mtu alitoka kwake, kwa hiyo watoto tulikua na Kiswahili kabla ya lugha nyingine. Nguo zilianikwa nyeupe zikaanuliwa za kijivu. Mama alitoka upande wa Kongo. Alisonga bugali wa muhogo mweusi unaovutika, akapika sombe ya majani ya muhogo mpaka ikawa laini, na jioni akaweka redio dirishani, antena ikielekea milimani. Alipenda rumba. Kilingala chenyewe hakukijua sana, kwa hiyo alingoja mwimbaji aseme neno, ndipo naye aliseme. Aliimba nyuma ya redio siku zote, huku ameshika upindo wa kitenge kwa vidole viwili kana kwamba kingeanguka, na hakikuanguka kamwe.

Baba alimtania. "Wimbo umekwisha, wewe bado unaimba."

"Niache. Mimi niko nakuja pole pole."

Baba alitangulia. Mama akafuata baada ya kuugua muda mrefu, mimi nikiwa nimeanza sekondari. Kwenye mazishi walikodi spika na jenereta, zikapigwa nyimbo za dini za mwimbaji ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemjua. Watu walinitazama wakasema huyu analia kwa ndani. Sikuwa nalia kwa ndani. Nilikuwa nawaza kama maji yangewatosha waombolezaji. Hali hiyo ilikaa nami miaka mingi, na kwa sehemu kubwa bado ninayo. Siilalamikii. Ilinisaidia kufanya kazi.

Tulihamia kwa bibi, mama yake Mama, ambaye alivuka mpaka zamani akakaa Bwera. Tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na kitinda mimba ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kwetu majina huenda kwa kufuatana na kuzaliwa, kwa hiyo mimi ni Masika kama msichana wa kwanza wa kila nyumba, na mdogo wangu ni Baluku kama mvulana wa kwanza wa kila nyumba. Bibi alituketisha uani, akanitazama mimi.

"Masika, sasa weye ndiye mukubwa. Shule itabaki ya hawa."

Nilikata sketi yangu ya shule, nikamshonea Baluku kaptura. Rangi ilikuwa ileile.

Nikapata kazi kwenye kioski cha Haji mmoja aliyekuwa akisafirisha bidhaa kati ya Kasese na mpakani. Nilichaji simu za watu na kuwawekea nyimbo kwenye memori. Kompyuta ilikuwa kuukuu, inanguruma kama jiko la mafuta, lakini ndani yake mlikuwa na nyimbo za kila aina. Hapo ndipo nilipopata maoni yangu kuhusu muziki, na sijayabadilisha.

Vijana wa pikipiki walikuwa marasta. Walivaa kofia za rangi tatu na kuja kwa kundi, wakasema, "Dada, weka reggae tupu, usichanganye na takataka." Nikaweka. Baadaye mmoja wao alirudi peke yake, akainama dirishani. "Dada, niongezee zile za kwaya. Lakini uzifiche kwenye folda nyingine." Kulikuwa na vijana wa hip hop waliovaa suruali chini ya makalio, na wao pia walikuwa na folda yao ya kuficha, imejaa nyimbo za mapenzi za kulia. Akina mama wa Kongo waliokuja sokoni walisikiliza muziki wa Kampala ukitoka kwenye spika yangu, wakakunja uso. "Hii si muziki, hii iko makelele. Weka ya kwetu." Kisha watoto wao wakarudi kuomba makelele yaleyale. Mwinjilisti mmoja aliyehubiri kila wiki dhidi ya ndombolo alikuwa nayo nyingi kuliko mteja yeyote.

Kwa hiyo mtu akiniambia huu ni muziki wa kweli na ule ni wa bandia, namsikiliza kwa adabu tu. Nilijua nyimbo za aina mbili: zile watu walizoomba kwa sauti na zile walizoomba kwa kunong'ona. Za pili ndizo walizozisikiliza.

Kikundi cha karaoke kiliongozwa na mtu aliyevuka mpaka kutoka Kongo, wote tukimwita Patron, yaani bosi. Alivaa koti ambalo lebo yake ilikuwa bado imeshonwa kwenye mkono, na hakuitoa, ili watu waone halikutengenezwa hapa. Maonyesho yao makubwa yalikuwa Ijumaa mchana, siku ya soko, kwenye banda la video karibu na njia ya mtoni. Wanaume wakubwa waliigiza waimbaji wa kiume. Wavulana wadogo wenye sura laini waliigiza wanawake. Nilijua hayo yote kwa sababu Patron alikuja kwangu kuchukua nyimbo. Ambacho sikukijua ni nani aliyekuwa akizichezeshea midomo.

Mwalimu wa darasa la saba ndiye aliyeniambia. Alileta simu yake kuchaji, akabaki amesimama.

"Masika, mdogo wako Ijumaa simwoni."

"Anatoka nyumbani asubuhi, mwalimu."

"Kwangu hafiki. Mtihani uko mbele, na mwanafunzi anayefeli huu hana pa kwenda. Wewe unajua."

Nilijua. Kila kitu nilichokuwa nimekiacha nilikiacha kwa ajili ya mtihani ule. Kama angeufeli, basi mimi na yeye tungekuwa tumeacha shule wote wawili, na ningebaki sina hata la kujiambia.

Ijumaa iliyofuata nilifunga kioski, nikambeba kitinda mimba mgongoni, nikachukua fimbo ya kufukuzia mbuzi. Jirani yetu, mwanamke aliyekua pamoja na Mama kabla ya Mama kuolewa Hima, aliniona akanifuata. "Nakuja nikushike mkono," alisema, "usije ukamuua mutoto wa watu."

Banda lilikuwa na joto na harufu ya samaki wakavu, kwa sababu watu waliingia na mizigo yao ya sokoni. Tulikaa benchi la mbele, nikampakata mtoto, nikampa muwa atafune. Nilikusudia kumngoja atokee, nimvute chini mbele ya wote, iwe fundisho.

Akatokea. Alikuwa amevaa kitenge cha Mama, kile kilichokaa sandukuni kwa bibi, na kitambaa kichwani. Wimbo ulikuwa rumba ya zamani ya mwanamke wa Kinshasa, wa taratibu. Mwimbaji akaanza. Mdomo wa Baluku ukabaki umefungwa. Neno la kwanza likapita ndipo midomo yake ikafunguka, na akaendelea hivyohivyo, nyuma ya wimbo, neno kwa neno.

Watu hawakumwacha.

"Wimbo imefika Beni, weye ungali Kasindi mpakani."

"Mupatieni boda awahi."

"Labda network yake iko chini."

Banda zima likacheka. Patron, pembeni ya spika, alikuwa akimpigia vidole kumwonyesha mapigo. Baluku hakumtazama. Alishika upindo wa kitenge kwa vidole viwili. Akageuza shingo kidogo upande wa dirisha, na pale hapakuwa na dirisha, palikuwa na ukuta wa mabati.

Jirani aliacha kucheka. Akaniwekea mkono gotini, akasema pole pole, "Masika. Huyu si mwimbaji. Huyu iko mama yenu kabisa."

Ningependa kukuambia kwamba nililia, au kwamba kitu kilifunguka. Hapana. Niliona tu. Niliona jinsi alivyosimama uzito wote mguu mmoja, jinsi alivyoshusha kidevu kabla ya neno asilolijua. Nilikuwa nimesahau kidevu. Fimbo ilikuwa chini ya benchi na sikuinama kuichukua. Mtoto alitafuna muwa wake, ametoa macho kwenye jukwaa. Wimbo ukaisha, na Baluku akamalizia neno la mwisho peke yake, kwenye kimya. Wakamzomea mpaka akashuka.

Patron alinifuata nje, akijifuta jasho bila kuvua koti.

"Dada, mimi nafanya kazi hii kwa heshima. Mutoto wako iko na mwili, iko na macho. Midomo ndiyo inachelewa. Nipatie yeye kila siku, si Ijumaa tu. Nitainyoosha. Krismasi tunavuka, tunafika mpaka Butembo."

"Na shule?"

"Shule haikimbie. Uso wake ndio inakimbia. Mwaka kesho atakuwa na ndevu, nitamufanyia nini?"

Nilimwambia nimesikia. Tukaenda nyumbani, jirani ametangulia na mtoto. Baluku alikuwa amekikunja kitenge vizuri, pembe kwa pembe, amekibeba mbele yake kwa mikono miwili.

"Dada, walinizomea."

"Nilisikia."

"Ninaweza kuwahi. Patron anafikiri siwezi. Ninaweza."

"Najua."

"Nikiwahi, si yeye."

Tulitembea. Malori ya mpakani yalitupita, tukasimama pembeni vumbi litue.

"Jumatatu utakwenda shule," nikasema. "Na Ijumaa vilevile."

"Na hiki?"

"Kinarudi sandukuni."

Hakubisha. Alikuwa mtoto asiyebisha, na labda alitumaini kwamba mimi mwenyewe ningebadili neno langu. Nilikuwa nimeelewa vizuri ninachokifunga. Kama ningeulizwa leo, ningekifunga tena.

Bibi alisikia habari kwa jirani, akaumia kwamba hakuona. Akamwomba Baluku amfanyie pale uani tu. Nikasema mtihani kwanza. Bibi akaninyamazia siku nyingi, akila chakula changu bila kusema kina chumvi au hakina.

Alifaulu. Haji alimsaidia kupata nafasi shule ya ufundi, Kasese, akakaa huko mpaka likizo ndefu. Aliporudi alikuwa amerefuka, sauti imezama, na juu ya mdomo kulikuwa na kivuli. Bibi hakuwa amesahau. Alikitoa kitenge mwenyewe. Baluku akajifunga, nikapiga wimbo kwenye simu, akasimama uani kati ya kuku. Alijitahidi kweli. Bibi alitazama mpaka mwisho.

"Unafanana na baba yako," akasema, akaingia ndani.

Kikundi cha Patron kilikufa taratibu. Banda la video sasa ni kanisa, kioski cha Haji wanatuma pesa kwa simu, na nyimbo kila mtu anajipakulia mwenyewe mtandaoni, hahitaji dada wa dirishani kumfichia folda. Nimewahi kuingia hoteli moja ya Kasese kuona bendi inayopiga moja kwa moja. Magitaa ya kweli, jasho la kweli, waimbaji wanaimba kwa koo zao. Walikuwa hodari. Nilikunywa soda yangu nikaenda kulala. Wapo watakaosema hiyo ndiyo sanaa na kwamba kile cha Bwera kilikuwa udanganyifu wa watu maskini. Wanasema hivyo kwa sababu hawakuwa kwenye benchi lile.

Baluku ni fundi umeme. Hataki kusikia habari za karaoke, anasema ulikuwa utoto. Kitinda mimba yuko sekondari, amepita pale nilipoishia mimi. Wakati wa likizo iliyopita tulikaa watatu tunamenya muhogo, na kwa sababu isiyojulikana akaanza kuzungumza juu ya Mama. Sisi hatumzungumzii. Tulidhani yeye hana kitu cha kukumbuka, alikuwa mdogo mno.

"Mimi namkumbuka," akasema. "Kulikuwa na watu wengi, wanacheka. Yeye alikuwa amesimama juu, amevaa kitenge, anaimba. Alinitazama mimi."

Baluku alikuwa na kisu mkononi. Akanitazama, nami nikamtazama. Kisha akachukua muhogo mwingine, nami nikachukua mwingine, na hakuna kati yetu aliyemsahihisha.