Kutu Chini ya Miguu ya Mtoto

Mimi ni mwoga, na sioni sababu ya kuficha jambo ambalo ukoo mzima unalijua. Naogopa radi, naogopa ngazi, naogopa ng'ombe hata akiwa amefungwa, na kwa Mgogo hiyo ni aibu ya kutosha. Lakini hakuna kitu nilichopata kukiogopa kama sakafu ya pikapu ya mume wangu, upande wa abiria.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Ushirika ambako mume wangu alikuwa karani ulikuwa umekufa pole pole, na pale Dodoma kila mtu alikuwa anatafuta kitu cha kuuza. Yeye akatafuta kitu cha kubebea. Alikwenda pwani, akarudi na pikapu nyeupe ambayo mwenyewe wa kwanza alikuwa akiibebesha chumvi. Injini ilikuwa nzima kabisa. Alipoiwasha uani majirani walitoka kuisikiliza, naye akasimama kando amejishika kiuno, kama bwana harusi. Mimi nilifungua mlango wa kushoto, nikainua kapeti la mpira, nikamwona kuku wetu akipita chini.

Matundu mengine yalikuwa madogo ya kupitisha kidole, na moja lilitosha kupitisha ngumi. Kutu ilikuwa imeanzia kwenye kona, pale chumvi ilipokuwa ikikaa na maji, ikatambaa hadi chini ya kiti. Nilipobonyeza ukingo ulimeguka kama ukoko wa ugali.

"Baba mtoto, gari hili halina chini," nilimwambia.

"Wewe unapanda gari au unakwenda kucheza ngoma sakafuni?" alijibu, na majirani wakacheka.

Binti yetu alikuwa na miaka minne. Siku hizo hakuna aliyejua mambo ya kumfunga mtoto mkanda. Mtoto alisimama mbele ya magoti ya mama yake, akashika dashibodi, akahesabu mbuzi njia nzima. Yaani miguu yake ilikanyaga pale pale palipokuwa pameoza. Nilianza kuota ile sakafu. Nilikuwa nikipika nashtuka, nawaza kitu kimoja tu: siku moja nitamshika, nitabaki na gauni mkononi.

Nilisema sana, hadi mume wangu akakubali kuitengeneza. Aliitengeneza mwenyewe, na aliitengeneza kwa namna aliyoijua tangu utotoni. Kwao walikaa nyumba za tembe. Paa la udongo likivuja hubomoi kitu. Unapandisha udongo mwingine, unaumwaga pale panapovuja, unaushindilia kwa miguu, na mvua ikirudi unaongeza tena. Nimeona mapaa ya ukweni yaliyoongezwa hivyo mpaka nguzo zikapinda, na bado wazee wanamwita kijana apandishe karai jingine. Basi mume wangu hakukwangua kutu hata kidogo. Alikata bati la pipa, akalilaza juu ya matundu, akaligongea skrubu kwenye kile chuma kilichooza, akachemsha lami na kuimwaga juu. Halafu bati jingine, na lami tena. Alipomaliza, ile sakafu ilikuwa nene kuliko mlango wenyewe, nyeusi, inang'aa. Aliruka juu yake kwa miguu miwili.

"Haya, mwoga. Imebaki nini?"

Niliona uzito ule wote nikajiuliza unashikwa na nini, lakini ningemwelezaje mtu anayeruka? Tangu siku hiyo nilimshika mtoto kwa mikono yote miwili kila tulipopanda. Yeye hakupenda. Alijinyonganyonga, akasema namminya. Mume wangu alinitania kwa kila abiria tuliyempa lifti: mke wangu huyu, akipanda gari anashika mtoto kana kwamba anavuka mto.

Mvua za mwanzo zilipita juu ya lami, nami nikaanza kuchoka kuogopa. Mwili huchoka. Siku tuliyokuwa tunakwenda Mvumi kumsalimia mama mkwe, nilimshika kwa mkono mmoja tu, kwa mwingine nikawa nimepakata kikapu cha zabibu tulizozitoa Hombolo.

Tuliteremka kwenye korongo, gari likadunda. Nilisikia mlio mfupi, kama wa kamba kukatika, kisha jua likaingia ndani ya gari kutoka chini. Bati, lami, skrubu, kapeti, vyote vilikwenda kwa pamoja. Na mtoto akafupika mbele yangu. Siwezi kulieleza vinginevyo: alikuwa amesimama, mara nikawa naona kichwa chake tu karibu na magoti yangu. Mguu mmoja ulikuwa umepita hadi kwenye paja. Zabibu sijui zilikwenda wapi. Nilimdaka kwapani, nikapiga kelele ambayo mpaka leo kooni mwangu naisikia.

Mume wangu alisimamisha gari kwenye mchanga. Nilivuta, mtoto akalia, maana meno ya bati lililobaki yalikuwa yamemuuma paja na kila nikivuta yanazama zaidi.

"Usivute! Usivute, mama!" mume wangu alisema.

Alilala chini, akaingia uvunguni. Mimi juu nilikuwa nikimwona mtoto toka kiunoni kwenda juu, ananitazama, midomo imekuwa myeupe. Yeye chini alikuwa na ule mguu. Nilimsikia akiguna, akikunja bati kwa mikono mitupu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mpokee." Akausukuma mguu juu, nami nikampokea binti yangu mzima, ana damu hadi kwenye kisigino, kiatu hana.

Safari iliyobaki tulikaa nyuma juu ya magunia, mimi na mtoto, na gari likaenda mwendo wa punda mpaka hospitali ya Mvumi. Walimshona. Mama mkwe alikuja, akamtazama mwanawe. Mikono ya mume wangu yote miwili ilikuwa imechanika, na ilibidi nesi amwite mara mbili ndipo aione.

Tuliporudi mjini alipeleka pikapu kwa fundi wa kuchomelea, upande wa Ihumwa karibu na reli. Nilisema nakwenda kuangalia. Mwoga ni mtu wa kuhakikisha. Fundi alikuwa mtu wa mjini, mcheshi, amesoma na mume wangu, kwa hiyo mimi alinifanya shemeji tangu nilipoingia.

"Shemeji, hapa hatuongezi kitu. Kwanza tunaondoa."

Aling'oa kiti. Akashika tindo na nyundo, akaanza kukata. Kila nilipodhani sasa amefika kwenye chuma kizuri, aligonga, chuma kikatoa mlio mfu, akaendelea. Tundu likawa kubwa mpaka mtu angeweza kusimama ndani yake ardhini. Niliona gari letu linaisha. Alipofika mahali tindo inalia vizuri na chuma kinang'aa, ndipo aliponiita nishike kwa vidole vyangu. Nilishika pande zote. Palikuwa pagumu.

Sasa hofu ilihamia kwenye moto. Nilimuuliza kuhusu tangi, akaniambia amelishusha, hilo kule chini ya mwarobaini. Nikamuuliza bomba la mafuta, akaniambia amelifungua na kuliziba. Hata hivyo nilisimama na ndoo ya mchanga. Cheche zilipoanza kuruka, mabaki ya lami ya mume wangu yakashika moto kweli, ukapanda moshi mweusi, nami nikamwaga ndoo nzima, robo kwenye moto na iliyobaki kichwani kwa fundi. Alitoka anatema mchanga, akasema katika kazi yake hajawahi kuzikwa mchana. Nilicheka huku nikikimbilia kujaza ndoo tena.

Alichomelea bati jipya ukingo kwa ukingo, akapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu juu na chini. Mume wangu alikuja jioni, akatazama kidogo kupitia dirishani, akashukuru. Hakuruka juu yake. Sikulitilia maanani.

Siku ya kwenda Mvumi kutoa nyuzi ilipofika nilipanda na mtoto nikakanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili. Kwa mara ya kwanza tangu gari lile liingie uani kwetu, sikuwa na hofu. Mtoto alikunja miguu juu ya kiti, nikamwacha. Mume wangu aliwasha injini. Gari halikuondoka. Nilidhani anaisikiliza kama kawaida yake, hadi nilipouona mkono wake juu ya gia. Ulikuwa umeing'ang'ania, hauisukumi.

"Shuka naye," alisema.

"Kuna nini tena? Sakafu nimeishika mwenyewe, Baba mtoto. Hata ng'ombe angesimama hapa."

"Wewe uliishika sakafu." Alikuwa akitazama mbele tu. "Mimi niliushika mguu."

Tulishuka. Alitupeleka stendi kwa miguu, mtoto mgongoni kwake, akatukatia tiketi, akangoja hadi basi likawashwa ndipo akakimbia kurudi nyumbani. Tulipokuwa tumetoka mjini niligeuka nikaiona pikapu nyuma yetu, kiti cha kushoto kitupu. Kila basi liliposimama kushusha mtu, naye alisimama. Barabara ilikuwa pana, na vumbi letu lote lilikuwa linamwangukia, lakini hakutupita hadi Mvumi.