Jani la Mpakani

Asubuhi hii nimevunja chipukizi la kijani kwenye chungu changu cha maua. Harufu ya jani bichi ikanirudisha Katindo, mtaa nilikokulia, siku jirani alipodai kiwanja chetu hadi ukuta wa jikoni.

Alama ya mpaka ilikuwa mti wa mama wenye majani ya rangi-rangi, kijani na michirizi myeupe.

“Mama, muti yako iko wapi?” aliuliza chefu, mkuu wa mtaa. “Naona kijani tu.”

Kweli, machipukizi ya kijani tupu, yaliyoota kwenye mti uleule, yalikuwa yameyafunika majani ya michirizi. Mama akapiga magoti juu ya mawe ya volkano, akayavunja moja moja. Jirani alitabasamu. Nilikamata kitenge cha mama. Chini kabisa likatokea jani lenye mchirizi mweupe.

“Iko hapa, muzee,” mama akamwambia chefu.

Leo napanga chumba mtaa wa Birere, sipakani na mtu. Lakini kijani tupu siachi kikue.