Nyayo za Chumba Namba Mbili

Wakuu, mlango niliufunga mwenyewe kwa komeo, kwa ndani. Asubuhi nikakuta nyayo za maji sakafuni.

Za miguu mitupu, kutoka mlangoni hadi mezani. Nikachovya kidole, nikaonja. Chumvi!

Kazi yangu ni kuandika mtandaoni kuhusu vijiji vya pwani vilivyotulia. Hiki nilichofikia nilikisifu mwaka juzi: "Maji shwari, ogelea popote."

Nikiri tu: sikuwa nimekanyaga. Nilitazama picha za watu, nikapika maneno. Safari hii ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika.

Mezani palikuwa na karatasi iliyokunjwa. Jana yake nilidhani ni masharti ya nyumba. Nikaikunjua. Makala yangu, mtu ameichapa.

Nikamfuata mama mwenye nyumba ya wageni, anaanika mashuka uani.

"Mama, chumba changu alikaa nani?"

"Mwalimu mmoja, binti mpole. Alitaka kuogelea kule mwambani. Nikamwambia, mwanangu, pale mkondo unavuta. Akacheka, akanionyesha karatasi: 'Mama, huyu alishafika.' Akaiacha mezani, akaenda."

Akabana shuka kwa kibanio.

"Tulimpata siku ya tatu. Wewe mtu wa mitandao, nisaidie kumtafuta aliyeandika. Nina swali moja tu: alisimama wapi alipoyaona maji yametulia?"

Nikiri, jina langu liende na kazi yangu?

"Simjui, mama."

Kesho yake nyayo hazikuishia mezani. Zilikuja hadi kitandani, upande wangu, zikasimama. Vidole vimenielekea.

Nilitoka mbio hadi jikoni, shati mkononi.

"Mama, ni mimi! Niliyeandika ni mimi. Sikuwahi kufika!"

Hakushtuka. Aliendelea kumimina chai.

"Najua, mwanangu. Picha yako iko nyuma ya ile karatasi. Kwani hukuigeuza?"

"Sasa mbona ukanipa chumba kile?"

"Mimi swali langu limekwisha. Nenda kamjibu yeye."

Sikurudi hata kuchukua begi.

Makala nimeifuta, ila watu walishaisambaza. Sasa naishi ghorofa ya nne, mbali kabisa na bahari, na kila asubuhi kabla ya chai nadeki.

Ndugu zangu mnaoandika, kama hujafika, sema hujafika. Kuna mtu atakuamini.