Sifuri ya Msukuma Machela

Msukuma machela wa hospitali alitaka kuwa muuguzi, na kilichomkwamisha ni mtihani wa fizikia, alioufeli mara mbili. Sasa binti yake alikuwa akimfundisha kwenye meza ya jikoni, vyombo vya chakula vikiwa havijaoshwa.

"Baba, umetoka mapokezi hadi chumba cha upasuaji, ukarudi mapokezi. Kasimwelekeo yako ya wastani ni ngapi?"

Akajumlisha njia yote, akagawanya kwa muda.

"Hapana, huo ni mwendokasi. Jibu ni sifuri."

"Sifuri? Na mgongo huu unaoniuma je?"

"Mgongo hawauulizi, baba. Wanauliza umesogea kiasi gani kutoka ulipoanzia, na upande gani. Wewe umerudi palepale."

Akaitazama mikono yake.

"Kwa hiyo miaka yote hii..."

"Usianze, baba. Andika."

Mtihani ulipofika, swali lilimhusu mwogeleaji aliyevuka bwawa kisha akarudi alikotoka. Kalamu ilisita hewani. Alimfikiria mtu yule akitoka majini, akihema, mabega yakimwaka moto. Alimwonea huruma, akamwandikia sifuri, akafaulu.